Kabla ya kukanda kwa maji ya moto

Mtu akiteguka mguu kwenye miteremko ya Masisi, awe ameanguka na chukudu au ameteleza na gunia la viazi mgongoni, jambo la kwanza nyumbani ni kuweka sufuria kwenye moto. Maji yakichemka, mguu unakandwa, unavutwa, unapakwa mafuta. Asubuhi umevimba zaidi. Nia ni nzuri, lakini wakati wa maji ya moto bado. Joto linaongeza damu na uvimbe pahali palipoumia. Siku 2 au 3 za kwanza, kinachotuliza ni baridi.

Ulaya na Marekani baridi hiyo, ambayo waganga wanaiita kriyoterapi, imekuwa biashara. Watu wanalipa ili wasimame dakika 2 au 3 ndani ya chumba chenye baridi ya zaidi ya nyuzi 100 chini ya sifuri. Vyumba hivyo vilianza Japani mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa wagonjwa wa baridi yabisi (ajabu kidogo, maana jina la ugonjwa huo kwa Kiswahili linalaumu baridi yenyewe). Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilisema haijaidhinisha hata mashine moja ya aina hiyo kwa matibabu. Hatuna sababu ya kuwaonea wivu.

Sisi tuna maji ya chemchemi. Kwenye milima ya Masisi yanatoka ardhini yakiwa baridi tayari. Walikale, ndani ya msitu, hali ni ngumu zaidi: yachotwe alfajiri, yawekwe kivulini. Penye barafu, kwa mfano kwa muuza vinywaji mwenye friji, barafu isiguse ngozi. Izungushiwe kipande cha kitenge kilicholowa.

Lakini kabla ya kuweka baridi, angalia kwanza. Mguu uliopinda, au mfupa unaoonekana, si wa maji wala wa kukanda: ufungwe kwenye ubao bila kuvutwa, mgonjwa apelekwe hospitali. Vua pete, bangili na kiatu mapema, kwa sababu uvimbe ukija havitatoka. Gusa ngozi uulize kama anasikia. Mwenye ganzi, kama wagonjwa wengi wa kisukari wa muda mrefu, anaweza kuungua kwa barafu bila kujua. Penye kidonda wazi, usitie maji ya mto. Kisha dakika 10 hadi 20, si zaidi, na unaweza kurudia baada ya saa 2.

Baada yake ndipo watu wengi wanakosea. Maumivu yakiisha, kijana anapanda pikipiki au anarudi kwenye shimo la koltani Rubaya. Maumivu yamelala tu, mguu haujapona. Acha ngozi ipate joto yenyewe, usiisogeze kwenye moto, maana ikiwa bado na ganzi haitakuonya. Wekundu kidogo ni kawaida. Ngozi nyeupe au malengelenge, au ganzi isiyoisha baada ya saa 1, ni ya kuonyesha kwa muuguzi. Na usiendelee na barafu kwa wiki nzima: Gabe Mirkin, mganga Mmarekani ambaye mwaka 1978 alieneza ushauri wa barafu kwa wanamichezo, baadaye alikiri kwamba inaweza kuchelewesha kupona. Baada ya siku hizo za kwanza, kifundo kianze kusogezwa polepole.

Kuna watu ambao baridi ni hatari kwao, na hapa hatutaki kuzungukazunguka. Congo, pamoja na Nigeria na India, iko kati ya nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na drepanositozi. Kwa mtoto huyo, baridi inabana mishipa na inaweza kuamsha maumivu makali ya mifupa. Mtoto anayelia usiku kwa mikono na miguu bila kuwa ameanguka, usimwekee kitu cha baridi. Mfunike, mpe maji mengi ya kunywa, mpeleke kituo cha afya. Wazazi wengi wanaambiwa ni uchawi, au ni baridi yabisi ya mapema, kwa sababu hakuna aliyempima damu.

Tunajua mazingira. Mapigano yalifika Masisi-Centre Januari 2025 na Walikale-Centre Machi mwaka huo. Uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, na dawa zikawa zinazunguka njia ndefu. Dawa zikikosekana, watu wananunua diklofenaki sokoni, vidonge vya kuhesabu, bila kuulizwa kama wana vidonda vya tumbo au mimba. Maji baridi hayachukui nafasi ya parasetamoli, wala ya mofini kwa aliyepigwa risasi. Serikali na mashirika wanaopeleka dawa hizo wasipewe kisingizio.

Ila maelezo hayahitaji ndege. Maeneo ya afya ya Masisi, Mweso, Kirotshe na Katoyi, na yale ya Walikale, Pinga, Kibua na Itebero, yana wahamasishaji wanaopita nyumba kwa nyumba kwa ajili ya chanjo na kolera. Wapewe karatasi moja juu ya maumivu, kwa Kiswahili, Kihunde, Kinyanga na Kinyarwanda. Na kila kituo kipewe kipimo cha haraka cha drepanositozi, ili muuguzi ajue mtoto aliye mbele yake ni wa maji baridi au wa blanketi.