Gari ya Anko ilizima Sagana, na barua haikuja

Wasee, kuna video niliposti ya SUV ya bei kali ikivutwa na brekdauni pale Marua. Nikaweka kicheko na maneno "bonasi ya majani imeisha." Hakuna kitu yangu imewahi kutazamwa hivyo. Nimeifuta, na wacha niseme kwa nini.

Miezi mitatu baadaye Anko alikuwa anapanda kutoka Sagana kuja Karatina Jumamosi asubuhi, gari nyeusi ya Kijerumani imefungwa riboni, anaenda kubeba bibi harusi. Kampuni sitaji. Ukiona gari kama hiyo Nyeri unadhani mwenyewe analalia pesa. Anko ni mwalimu wa hesabu. Aliichukua kwa yadi Nairobi ikiwa na miaka saba, kwa mkopo wa sacco, akawa anaikodisha kwa harusi na ruracio kutoka Othaya mpaka Nanyuki. Pesa ya Jumamosi ndiyo ililipa mkopo, na kilichobaki kilikuwa karo yangu.

Hakuna taa iliyowaka kwa dashibodi. Anasema alisikia kelele kama misumari ikitikiswa kwa mkebe, sekunde chache tu, halafu usukani ukawa mzito kama jiwe na lori iko nyuma inapiga honi. Fundi alipofungua chini akapata vipande vya plastiki ndani ya oili. Vile vishikilio vinavyoongoza cheni ya taiming vilikuwa vimevunjika. Cheni ikalegea, pistoni zikagonga valvu, basi.

Najua tayari kuna mtu anaandika "hakufanya savisi." Alifanya, kila kilomita 5,000, na risiti ziko kwa faili. Mwalimu wa hesabu, nimeshasema.

Kilichoniuma ni kugundua huu ugonjwa hata si siri. Chukua injini ya N20 ya BMW, ile ilikuwa kwa 320i nyingi zinazotembea hapa kwetu. Marekani wenye magari walienda kortini juu ya hizo plastiki za cheni, na kampuni ikakubali kuongeza waranti. Kuongeza waranti, si kuita magari yote yarudi. Sasa piga hesabu: Kenya gari mtumba inaruhusiwa kuingia ikiwa chini ya miaka 8. Inatufikia waranti ikiwa inakata roho.

Na hata ikiitwa? Mwaka 2024 Toyota iliita magari kama 102,000 Marekani, Tundra na Lexus LX, juu mabaki ya chuma ya kiwandani yalikuwa yamebaki ndani ya injini na gari ingeweza kuzima ukiwa mwendoni. (LX unaijua, ni ile hufika mazishi kwa vumbi ikiwa na mheshimiwa ndani.) Wakaahidi kubadilisha injini bure. Barua ya kuitwa hutumwa kwa mtu aliyesajiliwa na gari. Japani ikishafuta usajili ndio gari ipande meli, barua inabaki huko. Mifuko ya hewa ya Takata iliua watu, mamilioni ya magari yakaitwa duniani, Toyota, Honda, Mazda, Subaru. Niambie kama kuna mtu Karatina aliwahi kupigiwa simu.

Yadi ilimwambia Anko "ulinunua ilivyo." Wauzaji rasmi wakasema hiyo gari si wao waliileta, na kusema ukweli, si wao. Lakini Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupewa habari anazohitaji. Hakisemi bidhaa mpya pekee.

Sasa mimi nauliza NTSA. Namba ya chasisi ya kila gari mnayo. KRA waliiangalia wakikata ushuru kabla gari itoke Mombasa. Namba zetu za simu ziko eCitizen. Orodha za magari yaliyoitwa ziko wazi Japani, Marekani na Uingereza. Linganisheni, mtume SMS. Hiyo haingemwokoa Anko, maana yake haikuwa hata imeitwa, ndio nasema yadi pia zilazimishwe kumwonyesha mnunuzi magonjwa yanayojulikana ya hiyo injini kabla aweke sahihi. Sio baada.

Na wewe wa "si angenunua Probox": Probox ni gari poa, imebeba mboga za Karatina miaka yote. Hakuna bibi harusi anaikodi.

Injini ingine ilitajwa bei ambayo Anko hakuwa nayo. Mkopo unakatwa kwa mshahara wake mpaka leo, mimi niliacha kampasi mwaka wa pili, na gari iko nyuma ya nyumba, kuku wameipenda sana.

Kama yako iliwahi kuzima hivyo ghafla, niandikie mwaka, aina ya injini na kilomita. Namba ya gari usiweke. Nakusanya, na nikifika 100 nachapisha zote na kupeleka NTSA mwenyewe.