Kufuta Rekodi Kusifanywe kwa Pupa

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa Mkenya haki ya kudai habari za uongo kumhusu zifutwe. Haki hiyo ni njema, lakini kufuta nako kuna hatari yake. Amri moja iliyosahau kutaja sharti hufagia jedwali zima, liwe la mashamba au la malipo ya uzeeni.

Kinga ipo, wala si ngeni. Jim Gray wa Marekani alitunukiwa Tuzo ya Turing ya 1998 kwa kazi yake kuhusu hifadhidata na miamala. Katika muamala, hatua zote hukamilika pamoja au isikamilike hata moja. Mtumishi huufungua, hufuta, kisha hutazama idadi. Akikusudia rekodi 1 na kompyuta ionyeshe 40,000, hutangua, na zote hubaki zilivyokuwa. Idadi ikilingana, ndipo huthibitisha.

Muamala uliokwisha kuthibitishwa hautanguki. Kwa hivyo, idara za serikali hazina budi kupiga marufuku ufutaji nje ya muamala, kumweka mkaguzi wa pili kabla ya kuthibitisha, na kutunza nakala za akiba. Mwananchi aliyepotezewa hati hafarijiwi na radhi.