Daktari na Daftari la Mahudhurio
Sikusomea udaktari, nilifundisha walimu. Lakini daftari la mahudhurio nalifahamu: mwanachuo huweza kuitika jina muhula mzima asiambulie kitu. Sasa madaktari nao hukusanya pointi za kuhuishia leseni kwa kuketi semina hotelini, au kufungulia mhadhara kwenye simu huku wakinywa chai. Watetezi husema elimu imewafikia hata walio mbali. Imewafikia, ndiyo, imewaingia? Hapa Tanzania klorokwini iliachwa kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, na SP ikaipisha dawa mseto mwaka 2006. Aliyehitimu zamani ilimbidi aache alichofaulia mtihani. Hilo halipimwi kwa sahihi. Mkufunzi na amfuate daktari wodini, amwone akimhudumia mgonjwa, kama nilivyoketi mimi nyuma ya darasa, daftari pajani, mwalimu akitetemeka na chaki yake.