Msamaha wa Jarvis



Naomba nafasi niwakumbushe wasomaji riwaya ya Alan Paton wa Afrika Kusini, Cry, the Beloved Country, ya mwaka 1948. Riwaya nyingi za Kikristo husamehe harakaharaka: mkosaji analia, watu wanakumbatiana, basi. Hii sivyo. Mchungaji Kumalo, mzee wa Kizulu, anabisha hodi kwenye nyumba moja huko Springs. Anayefungua ni James Jarvis, mzungu ambaye mwanawe wa pekee ameuawa na Absalom, mtoto wa Kumalo. Mzee anaishiwa nguvu, anaketi kwenye ngazi akitetemeka. Hakuna kukumbatiana. Lakini baadaye mjukuu wa Jarvis anagundua kuwa watoto wa Ndotsheni, kijiji cha Kumalo, hawana maziwa, na babu yake anaanza kuyapeleka kijijini.

Absalom ananyongwa vilevile. (Paton aliwahi kuongoza shule ya vijana wahalifu ya Diepkloof, alijua anachoandika.)

Viongozi wa vijana makanisani, kabla ya kuwaambia watu “samehe usahau”, someni nao sura hiyo ya Springs.

Msomaji wenu,
Dodoma