Mheshimiwa Gavana, Ada ya Bango Mmepokea, Chanjo Iko Wapi?

Mheshimiwa Gavana,

Unalijua bango lililoko kwenye mzunguko wa barabara karibu na ofisi yako, maana huwezi kwenda kazini usilione. Tangu msimu wa Valentine limebeba picha ya mtoto wa mbwa aina ya husky, macho ya samawati, utepe mwekundu shingoni, ametiwa ndani ya boksi la zawadi. Maandishi yanatufahamisha kwamba mpenzi wa kisasa haleti tena maua. Kibali kilitoka kwenye serikali yako na ada ikaingia kwenye hazina ya kaunti. Hongera kwa ukusanyaji.

Mbwa wa aina hiyo alimng'ata mwanangu pajani akitoka madrasa.

Sisemi ni yule wa pichani. Ni mwenzake, aliyenunuliwa mtaani kwetu msimu uleule na kijana aliyetaka kumfurahisha mchumba. Uchumba haukudumu, kijana akahama, mbwa hakuhama naye. Mnyama ambaye asili yake ni kuvuta sleji kwenye theluji ya Siberia akabaki kuzurura kwenye joto letu la Pwani, koti la manyoya la tabaka mbili mgongoni, akila jalalani. Simlaumu yeye. Aliyemuuza hakumpa chanjo, aliyemnunua hakuuliza, na kaunti haikutaka kujua.

Nilimkimbiza mtoto kwenye hospitali yako. Chanjo ya kichaa cha mbwa haikuwepo. Muuguzi, mama wa watu, alinionea huruma, akaniandikia karatasi ya kununua nje. Nikatoa pesa za kodi ya nyumba, nikaibeba dozi kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu isije ikaharibika njiani, nikairudisha hospitalini achomwe. Dozi iliyofuata, chanjo haikuwepo. Iliyofuata tena, haikuwepo. Kama mbwa angekamatwa na kuchungwa siku 10 akabaki mzima, daktari angeweza kusitisha sindano. Lakini vijana walikwisha kumuua kwa mawe, na kwa kuwa hakuna aliyejua kama aliwahi kuchanjwa, ilitubidi tumalize zote. Mtoto alikosa mitihani. Siku hizi akisikia mbwa akibweka anavuka barabara bila kutazama magari.

Mheshimiwa, huu si ugonjwa wa kusema tusubiri tuone. Dalili zake zikishatokea hauna tiba, na karibu kila anayeupata hufa. Ukishang'atwa, kinga ni kuosha jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha kuwahi chanjo. Sabuni ninayo nyumbani. Chanjo ndiyo niliyoifuata kwako.

Usiniambie kwamba mambo haya ni ya Nairobi. Fungua Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, Sehemu ya Pili. Matangazo ya nje ni kazi ya kaunti. Hospitali, kazi ya kaunti. Huduma za mifugo, kazi ya kaunti. Hata leseni za mbwa na ustawi wa wanyama vimetajwa kwa jina. Bango, mbwa na sindano vyote viko mikononi mwako, na katika hivyo vitatu ni kimoja tu ambacho maafisa wako hawajawahi kukisahau. Kina risiti.

Nchi hii ina mpango wa kutokomeza vifo vya kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Wataalamu wamesema tangu zamani kwamba ukichanja angalau asilimia 70 ya mbwa, ugonjwa unakatika. Kwetu mbwa wakizidi, nyama yenye sumu hutupwa usiku, ilhali kuua mbwa ovyo hakujamaliza ugonjwa huu popote.

Wala hatuwezi kusema hatukuonywa kuhusu mbwa wa zawadi. Uingereza, shirika ambalo leo linaitwa Dogs Trust lilianza mwaka 1978 kuwaambia watu kwamba mbwa ni wa maisha yake yote, si wa Krismasi peke yake. Mwaka 2017 Peter Dinklage, nyota wa tamthilia ya Game of Thrones, aliwasihi mashabiki waache kununua husky kwa kuwa tu wanafanana na mbwa mwitu wa tamthilia hiyo, maana walikuwa wakitelekezwa. Fasheni hiyo iliyowashinda wenye theluji, sisi tumeitundika kwenye mzunguko wa barabara na kuiwashia taa.

Mama wa mboga asipolipa ada yake ya siku, kanjo wanambebea meza. Matatu ikisimama vibaya, inafungwa minyororo. Anayeuza watoto wa mbwa kwenye boksi pembeni mwa barabara bila kadi hata moja ya chanjo, huyo haguswi. Serikali yako inamjua kila mtu anayedaiwa. Wanaoidai haiwajui.

Liondoe bango hilo, na usitoe kibali kingine kwa tangazo linalomfanya mnyama kuwa pambo la zawadi. Anayeuza mbwa aonyeshe kadi ya chanjo au afunge biashara. Na kabla msimu wa Krismasi haujaanza, ada ya mabango inunue chanjo ya mbwa wa mitaani na ya watu waliong'atwa.

Wiki iliyopita nilipita hospitali ileile kuulizia. Chanjo bado haipo.

Mimi, mama wa mtoto aliyeng'atwa.