Mzae Alipigwa na Stroki na Sasa "Amebadilika"? Shida Si Tabia, Ni Ubongo

Kama kwenu kuna mzae ama shosh alipigwa na kiharusi, ile sisi hukuita stroki, hizi stori unazijua. "Siku hizi ni mkali sana." "Anajifanya hasikii." "Analia ovyo kama mtoto." Gatina keja zimeshikana, so majirani wanaskia kila kitu, na kabla wiki iishe mtu ashasema ni kurogwa.

Acha wafu. Kiharusi ni damu kukosa kufika sehemu ya ubongo, ama mshipa kupasuka huko ndani. Mkono na mguu kulegea ndio unaona kwa macho. Lakini kwa watu wengi, lugha inakaa upande wa kushoto wa ubongo. Huko kukiumia, mtu anajua kabisa anataka chai, lakini mdomo unatoa "kiatu". Wengine kilio ama kicheko kinawatoka tu bila breki. Na karibu mtu 1 kati ya 3 hupata depresheni baadaye.

Kenya ishaona hii kitu hadi kortini. Saba Saba unaijua, si ndio? Kenneth Matiba, mmoja wa walioitisha ule mkutano wa Kamukunji wa Julai 7, 1990, aliwekwa kizuizini bila kesi. Akapigwa na kiharusi akiwa huko ndani, akaachiliwa 1991. 1992 akagombea urais na kupata zaidi ya kura milioni 1.4, wa pili nyuma ya Moi. Alipopinga matokeo, mkewe Edith ndiye alimsainia kesi, juu kiharusi kilikuwa kimeharibu uwezo wake wa kuandika. Korti ikaitupa: mlalamishi lazima asaini mwenyewe.

Kama msee wa kura milioni 1.4 alifungiwa mlango juu ya saini, sasa cheki mama mboga wa hapa kitaa. Akisahau PIN ya M-Pesa, ama chenji zikianza kumchanganya, watoto wanashika simu na biashara. Hakuna mtu anamuuliza kitu tena. Amekuwa mgeni kwa keja yake mwenyewe, halafu tunashangaa mbona amenyamaza.

So fanya hivi. Muulize maswali ya ndio ama hapana. Mpe dakika zake, usimmalizie sentensi. Kama unamshikia pesa, mwonyeshe kila shilingi imeenda wapi. Na ukimpeleka kliniki ya presha, usiishie kwa dawa za presha tu. Mwambie daktari halali, hataki kula, hataki watu. Depresheni ya kiharusi ina matibabu, lakini daktari hawezi kutibu kitu hajaambiwa.

Mzae yuko hapo ndani, anakuskia. Ongea na yeye, wacha kuongea juu yake.