Njia ya Misafara na Haki ya Wenyeji



Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, katika orodha ya mapendekezo ya Urithi wa Dunia. Kwihara, jirani na Tabora, imo.

Kuifungua njia hiyo kwa watembea kwa miguu ni jambo jema. Watoto wetu yawapasa kujua mateso yaliyopita hapo. Lakini palipopita misafara leo pana nyumba, visima na mashamba. Anayehofia wageni kupita uani kwake, au shamba lake kumegwa, si adui wa maendeleo. Asikilizwe kabla ya kigingi cha kwanza kupigwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yataka anayetwaliwa ardhi alipwe fidia kamili, ya haki na bila kucheleweshwa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi, viongozi wa walei, hudhurieni mikutano ya wananchi, mkaulize: njia ipite wapi, nani ataitunza, na mapato yatamfikia nani?

Njia iliyopitisha watu bila hiari yao isijengwe tena bila hiari ya wakazi wake.